Shaba, Bati na Upepo wa Chumvi

Ukipita katika mitaa ya Upanga, ya Nyali, au ya Mji Mkongwe kule Unguja, inua macho uangalie kuta za nyuma za majumba. Utaviona visanduku vyeupe vyenye feni vikinguruma mchana kutwa. Hivyo ndivyo visanduku vya nje vya viyoyozi. Vingine vimekwisha kugeuka rangi ya udongo, na vyuma vinavyovibeba vinachuruzisha kutu hadi ghorofa ya chini. Chungulia kwa nyuma, pale penye vibati vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Utakuta vimekuwa unga mweupe. Ukivigusa kwa kidole vinapukutika kama majivu ya sigara.

Mwenye kitu hicho alikinunua kwa fedha nyingi, pengine za mkopo. Alitazamia kimtumikie miaka 10 au zaidi. Mwaka wa tatu au wa nne fundi anapanda ngazi, anashuka na kusema gesi imevuja yote. Anajaza gesi, analipwa, anakwenda zake. Baada ya miezi michache anaitwa tena. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza duka, naye muuza duka husema kosa ni la umeme unaopanda na kushuka. Mara nyingi mkosaji ni mwingine kabisa, na historia yake ni ndefu kuliko ya umeme wenyewe. Juma hili nataka tumzungumzie huyo.

Watu wa pwani hii walikuwa na habari zake zamani sana. Al-Masudi, yule mwandishi mzaliwa wa Baghdad aliyesafiri pande zetu mwanzoni mwa karne ya 10 na kufariki mwaka 956, aliandika kwamba vyombo vya bahari hii havikupigwa misumari ya chuma. Sababu aliyoitoa ni kwamba maji ya bahari yetu huila misumari, ikawa myembamba na dhaifu, na ndiyo maana mbao zilishonwa kwa kamba na kupakwa mafuta. Mitepe ya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi, ilidumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Al-Masudi alisema kweli nusu. Ni kweli kwamba maji ya chumvi huila misumari, lakini hayaili katika bahari yetu peke yake. Bahari ya Mediterania, ambako yeye mwenyewe aliona merikebu zikipigwa misumari, ina chumvi nyingi kuliko Bahari ya Hindi. Kwa maoni yangu wazee wetu walikuwa na sababu nyingine nzuri zaidi: chuma kilikuwa ghali, na chombo kilichoshonwa hujinyonganyonga kidogo kinapopwelewa mchangani badala ya kupasuka. Hata hivyo jambo moja linabaki. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita, msafiri alikwisha kuandika kitabuni kwamba chumvi na chuma havipatani.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza. Mwaka 1761 Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo liliivika manowari moja, jina lake Alarm, mabati ya shaba sehemu yote ya chini inayozama majini. Shabaha ilikuwa kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na pia kuzuia mwani na makome yanayoganda na kuifanya meli iende kwa kujikokota. Ikapelekwa West Indies. Iliporudi, ikakaguliwa mwaka 1763, na wakaguzi wakashangaa. Shaba ilikuwa nzima, mbao zilikuwa nzima, lakini mabati yalikuwa yanabanduka. Misumari ya chuma iliyoyashikilia ilikuwa imeliwa ikawa kama ugoro.

Lakini walikuta sehemu chache ambazo misumari ilikuwa mizima kabisa. Walipochunguza wakaona kwamba mabati yale yaliletwa yakiwa yamefungwa kwa karatasi ya kaki, na mafundi wavivu hawakuibandua karatasi yote; waliipigilia humo humo. Pale karatasi ilipotenganisha chuma na shaba, msumari ulipona. Pale zilipogusana, msumari ulikwisha. Wakaguzi wakaandika kwamba chuma kisiachwe kugusana na shaba ndani ya maji ya bahari. Sababu yake hawakuijua. Hakuna aliyeijua wakati huo.

Sababu ilianza kujulikana kwa njia ya vyura. Katika mji wa Bologna, Italia, daktari Luigi Galvani alikuwa akipasua vyura, akaona miguu ya chura aliyekufa inarukaruka ikiguswa na metali mbili za namna tofauti. Alichapisha habari hizo mwaka 1791 akidhani umeme ule ulikuwa ndani ya chura. Alessandro Volta akabisha. Yeye alisema umeme unatokana na zile metali mbili, chura ni shahidi tu. Ili kuthibitisha, akapanga vibamba vya zinki na vya fedha kimoja juu ya kingine, na katikati akaweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Umeme ukatoka. Mwaka 1800 akaipelekea barua jumuiya ya wanasayansi ya London, iitwayo Royal Society, na hiyo ndiyo betri ya kwanza.

Nakuomba msikilizaji uikumbuke picha hiyo, kwa sababu tutairudia: metali mbili zinazogusana, na maji ya chumvi yakiziunganisha. Katika ndoa ya namna hiyo metali moja hulindwa na nyingine huliwa. Kati ya shaba na chuma, huliwa chuma. Kati ya chuma na zinki, huliwa zinki. Na kati ya shaba na alumini, huliwa alumini.

Aliyeyatumia maarifa haya kwa vitendo ni Humphry Davy, mtoto wa watu wa kawaida kutoka Cornwall aliyepanda mpaka akawa Rais wa hiyo Royal Society mwaka 1820. Mwaka 1823 Jeshi la Wanamaji lilimwendea na malalamiko mapya. Sasa misumari ilikuwa ya metali ya jamii ya shaba, haikuwa taabu tena, lakini mabati yenyewe ya shaba yalikuwa yanaliwa polepole na bahari, na shaba ni ghali. Davy akafikiri hivi: ikiwa chuma kiliwa ili shaba ipone, basi tukiweka kwa makusudi kipande cha chuma au zinki kwenye shaba, kipande hicho kitaliwa na shaba itabaki. Akajaribu. Akakuta kwamba kipande chenye ukubwa wa sehemu moja katika 40 za shaba, hata sehemu moja katika 150, kilitosha kuilinda shaba isiliwe hata kidogo. Mwaka 1824 akayasoma matokeo mbele ya wenzake, na meli zikaanza kufungwa vipande hivyo.

Dawa ilifanya kazi barabara, na kufanya kazi kwake ndiko kulikomponza. Baada ya miezi kadhaa manahodha walianza kulalamika kwamba meli zao zimekuwa nzito. Zilipopandishwa zikaonekana zimefunikwa mwani na makome. Kumbe shaba ilikuwa ikiwazuia viumbe hao kwa sababu ile ile kwamba inaliwa: kila siku ilitoa chembe kidogo za sumu majini, nao wakakaa mbali. Davy alipoizuia shaba isiliwe, alizima sumu pia. Magazeti ya London yakamcheka. Mwaka 1828 amri ikatoka vipande vyake viondolewe. Mwaka uliofuata Davy, ambaye afya yake ilikuwa imekwisha kuharibika, alifariki Geneva. Nadhani ni mmoja wa watu wachache katika historia walioaibishwa na jaribio lililofanikiwa. Leo meli za chuma na mabomba ya mafuta duniani kote hulindwa kwa njia yake.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea bati la paa. Mwaka 1829 mhandisi wa bandari ya London, Henry Robinson Palmer, alipata hataza ya bati lenye migongo, ambalo hiyo migongo yake hulipa nguvu hata likiwa jembamba. Lakini lilikuwa chuma kitupu, likishika kutu upesi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulichovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa, na akalipa jambo hilo jina linalotokana na Galvani, yule wa vyura. Zinki hufunika chuma, na hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo jirani hukubali kuliwa kabla ya chuma. Kwa mabati hayo ilijengwa Nairobi ya kwanza, reli ilipofika mwaka 1899, na kwa mabati hayo tumeezekea pwani na bara. Mtu wa Dodoma na mtu wa Bagamoyo wakinunua bati la aina moja siku moja, wa Bagamoyo atabadilisha paa lake mapema. Kila mtu wa pwani analijua hilo bila kufundishwa na Sorel.

Kiyoyozi chenyewe kilizaliwa katika kiwanda cha uchapaji, jambo ambalo wasomaji wa magazeti huenda likawafurahisha. Mwaka 1902 kampuni moja ya uchapaji huko Brooklyn, New York, ilikuwa na shida: unyevu wa hewa ulifanya karatasi itanuke na kunywea, na rangi zikashindwa kukaa mahali pake. Kijana Willis Carrier akachora mtambo wa kupunguza unyevu kwa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi. Raha ya binadamu ilikuja baadaye. Viyoyozi vya dirishani vilienea Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, na katika miaka ya 1960 Wajapani wakaanza kuuza aina iliyogawanyika sehemu mbili: sehemu ya kimya ndani ya chumba, na sehemu ya kelele nje. Ndiyo tuliyonayo sasa. Nyumba ikapata utulivu, lakini sehemu iliyo ghali, yenye kompresa, ikatupwa nje kwenye jua, mvua na upepo wa bahari.

Ndani ya kisanduku hicho kuna nini? Kuna bomba la shaba lililokunjwakunjwa, ambamo gesi hupita ikiwa moto. Ili joto litoke upesi, bomba hilo limepenyezwa katika mamia ya vibati vya alumini, kila kimoja chembamba kama moja ya kumi ya milimita. Wenye viwanda walichagua shaba kwa kuwa hupitisha joto vizuri na kuungika kwa urahisi, wakachagua alumini kwa kuwa ni nyepesi na rahisi. Hesabu yao si mbaya. Katika mji ulio mbali na bahari, ndoa hiyo hukaa miaka mingi bila ugomvi. Lakini tazama kilichofanyika: shaba na alumini zinagusana kwa maelfu ya sehemu. Imebaki maji ya chumvi tu, ukutani pako pawe na betri ya Volta.

Na maji hayo huja bila mvua. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo mno, upepo ukayachukua. Kwetu sisi kusi na kaskazi zote mbili hutoka upande wa bahari, kwa hiyo mwaka mzima hakuna likizo. Tone likikauka huacha chembe ya chumvi. Chumvi ya kawaida ina tabia ya kuvuta unyevu hewani na kujiyeyusha yenyewe pindi unyevu unapozidi kiasi cha asilimia 75, na chumvi ya bahari, yenye magnesi ndani yake, huanza kulowa kabla hata ya hapo. Usiku wa Mombasa au Dar es Salaam hauna shida kufika kiwango hicho. Ndiyo sababu sahani ya chumvi jikoni hulowa bila mtu kumwagia maji.

Umbali kutoka baharini una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Huko Kure Beach, jimbo la North Carolina, Marekani, kuna uwanja wa majaribio ulioanza mwaka 1935, ambako vipande vya chuma hupangwa wazi kuelekea bahari. Ilionekana kwamba chuma kilichowekwa kiasi cha mita 25 kutoka majini huliwa karibu mara 10 kuliko kile kilichowekwa mita 250. Ni mwendo wa dakika mbili tatu kwa miguu. Hoteli iliyo ufukweni na nyumba iliyo mtaa wa tatu nyuma yake haziwezi kuwa na kiyoyozi cha maisha sawa, hata zikinunua duka moja.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba kisanduku hiki hakingoji upepo ukijie. Kina feni. Kinavuta hewa ya bahari chenyewe, saa baada ya saa, na kuipitisha kwenye vibati vile vile. Tena kwa kawaida vibati vipo upande wa nyuma unaotazama ukuta, ambako mvua haifiki kuvisuuza. Bati la paa angalau huoshwa na masika. Wale wanaojenga kibaraza au kiboma kidogo ili kukikinga kisanduku na mvua, kwa nia njema kabisa, wanakinyima hata sabuni ile ya bure.

Basi alumini inaliwa. Kwanza joto haliondoki vizuri, kompresa inahangaika, bili ya umeme inapanda. Mwenye nyumba hulaumu shirika la umeme. Baadaye vibati vinadondoka, bomba linabaki uchi, na lenyewe linaanza kutoboka. Kuna hata ugonjwa wa shaba ambao wataalamu, hasa wa Japani, waliuchunguza sana kuanzia miaka ya 1970 na 1980, unaotokana na asidi kidogo kidogo, kama zile zitokazo kwenye gundi, mbao na mafuta ya viwandani. Matundu yake hupinda na kugawanyika ndani ya ukuta wa bomba kama njia za sisimizi chini ya ardhi, hata jicho halioni kitu kwa nje. Huo haupendelei pwani. Hupatikana hata katika sehemu ya ndani ya kiyoyozi.

Gesi inapovuja hasara haibaki kwa mwenye nyumba. Gesi ya zamani ya R-22 huharibu tabaka la ozoni, nayo ilianza kuzuiliwa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Zilizochukua nafasi yake haziharibu ozoni, lakini hushika joto la dunia vibaya sana: kilo moja ya R-410A ikivuja ni sawa na kurusha angani zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, wakapatana kuzipunguza. Sasa jiulize maana ya fundi anayejaza gesi kila baada ya miezi sita kwenye bomba lililotoboka. Anaiuza gesi kwa hewa.

Wapo watakaouliza: mbona tusifunge kipande cha zinki kwenye kisanduku, kama alivyofanya Davy? Haisaidii. Meli imezama, maji ya bahari yanaiunganisha sehemu yote. Ukutani chumvi imelowa vipande vipande, hapa tone, pale tone, na zinki haiwezi kulinda isipofikiwa na maji yale yale. Mafundi wa viwandani wamefuata njia ya karatasi ya kaki. Wanapaka vibati ngozi ya rangi maalumu, mara nyingi ya buluu au ya dhahabu, au wanachovya kitu kizima katika rangi ngumu ya epoksi. Wengine wametengeneza bomba na vibati vyote kwa alumini, mtindo uliotoka kwenye magari, ili ndoa ya metali mbili isiwepo. Rangi ya buluu peke yake isikulewesha. Nyingine ni nyembamba sana na kazi yake kubwa ni kufanya maji yateleze. Muulize muuzaji kama kifaa kimepimwa kwa ukungu wa chumvi, na kwa saa ngapi. Kipimo hicho kimekuwako tangu mwaka 1939 na muuzaji wa haki hatakasirika kuulizwa. Kumbuka pia kwamba saa hizo si miaka ya Msasani. Ni njia ya kulinganisha kimoja na kingine tu.

Baada ya hapo kazi ni ya maji baridi ya bomba. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha suuza vibati kwa upole angalau mara moja kwa mwezi ukiwa karibu na bahari, usiache upande wa nyuma. Mpira wa bustani unatosha. Usitumie mashine ya kuoshea magari, kwani vibati hulala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Maji ya kisima cha chumvi usiyaguse; kwa majumba mengi ya pwani hapo ndipo penye mtihani.

Nimalizie na vile vyuma vinavyobeba visanduku. Kisanduku kidogo kina uzito wa kilo 30 hivi, kikubwa hupita 60, na kimening'inia juu ya vichwa vya watu. Mara nyingi vyuma vyake ni vya kuchomelea mtaani, vikapakwa mkono mmoja wa rangi, vikafungwa kwa bolti ambazo hazikuchovywa zinki. Mwenye nyumba hulipia kiyoyozi, hulipia gesi, hulipia fundi, lakini kwa bolti nne anabana shilingi. Bolti ndogo iliyozungukwa na vyuma vikubwa ni ule msumari wa Alarm. Tunakagua lifti, tunakagua mitungi ya kuzimia moto. Vyuma hivi, katika majumba mengi niliyoyaona, vikishafungwa havikaguliwi tena. Kupanda ngazi na kugonga kila kimoja kwa nyundo ni kazi ya asubuhi moja kwa jumba zima, na kutu iliyokwisha kula chuma hujulikana kwa sauti.